Siku Google Ilipogawa Nik Collection Bure

Kama unaediti picha kwa simu, pengine Snapseed iko hapo kwa skrini yako. Yangu iko. Ile kitu ya kung'arisha uso pekee na kuacha mbingu vile ilivyo haikuanzia Google, wasee. Ilitoka kwa kampuni ya San Diego, Marekani, iliyoitwa Nik Software, na wapiga picha wa kazi waliijua kabla wengi wetu tupate simu ya kwanza.

Nik iliuza plagini, yaani vijiprogramu vya kutumia ndani ya Photoshop au Lightroom. Silver Efex Pro ilikuwa ya picha nyeusi na nyeupe, Dfine ya kutoa chengachenga za picha zilizopigwa gizani. Seti nzima ilienda karibu dola 500. Mtu alilipa hiyo pesa kwa sababu wateja walimjua kwa rangi fulani, na hiyo rangi ilikaa humo.

Septemba 2012 Google ikainunua Nik. Mimi naona walichotaka ni Snapseed tu. Facebook ilikuwa imetangaza kununua Instagram Aprili mwaka huo huo. Kufikia Desemba Snapseed ilikuwa kwa Android, bure. Machi 2013 zile plagini zikashuka hadi dola 149. Machi 2016 zikawa bure kabisa, na walionunua mwaka huo wakarudishiwa pesa. Sherehe! Lakini kitu isiyoleta hata ndururu, nani atalipa mainjinia waitunze?

Mei 2017 jibu likaja: hakuna apdeti tena. Plagini hazikufutwa, ni kompyuta na Photoshop ndizo ziliendelea kusonga. Tangazo lenyewe lilisema zilitengenezewa Photoshop hadi CC 2015. Kwa hivyo ulichagua: ugandishe mashine yako mahali ilipo, au uendelee ukijua siku moja Silver Efex itakataa kufunguka.

Oktoba 2017 DxO ya Ufaransa ikazinunua, na 2018 zikarudi sokoni kwa bei. Watu walinung'unika kulipia tena kitu walichokuwa nacho. Mi naona walikuwa na bahati.

Uliza waliotumia Aperture ya Apple. Ilitoka 2005, ikauzwa dola 499. Juni 2014 Apple ikasema imeacha kuiendeleza, na hakuna aliyeinunua kuiokoa. macOS Catalina ilipofika 2019, haikufunguka tena.

Na hapa ndipo inauma. Aperture haikugusa picha asili. Iliandika maagizo pembeni, ongeza mwanga hapa, punguza nyekundu pale. Maagizo hayo Lightroom haikuweza kuyasoma. Ukihamia Lightroom, nyota na maneno ya kutafutia picha yalihama nawe. Marekebisho hayakuhama. Ulibaki na picha mbichi za harusi ya 2009, na usiku wote ulioketi ukizipika umeenda. Njia ya kuponyoka ilikuwa kutoa kila picha ikiwa imekamilika, moja moja au kwa maelfu, kabla programu izimike.

Snapseed bado iko poa. Hata hivyo Jumamosi nimetoa zangu zote kama JPEG, na zile asili nikaziweka kwa diski kando. Imechukua saa nne na bando la mama.