Tom Mboya, Mbunge wa Kamukunji: Sheria Zilizomzidi Umri

Tom Mboya hukumbukwa kwa ndege zilizowapeleka vijana wa Kenya kusoma Marekani, kwa ufasaha wake jukwaani, na kwa risasi iliyomuua tarehe 5 Julai 1969 katika barabara inayoitwa leo Moi Avenue. Kazi aliyotumwa na wapigakura wake kuifanya kwa miaka 12, yaani kutunga sheria, hutajwa kwa kupitapita tu. Katika makala haya nadai kwamba hapo ndipo ilipo alama yake nzito zaidi, na kwamba alama hiyo iliwaumiza watu wale wale wa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, waliomwinua.

Aliingia Baraza la Kutunga Sheria mnamo Machi 1957, miongoni mwa Waafrika wanane wa kwanza kuchaguliwa kwa kura. Alimshinda wakili Clement Argwings-Kodhek kwa tofauti isiyofika kura 400. Uchaguzi huo ulikuwa na kasoro kubwa. Miaka mitatu kabla yake, Operesheni Anvil, msako wa kijeshi wa serikali ya kikoloni, ilikuwa imesomba maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru kutoka mitaa ya Waafrika jijini, na waliobaki hawakuruhusiwa kupiga kura bila cheti cha uaminifu kwa serikali. Mboya, aliyewahi kuwa mkaguzi wa afya wa Baraza la Jiji kisha kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, aliifahamu mitaa hiyo vizuri. Alijua kwamba huko sheria ya hali ya hatari ilimaanisha kubishiwa hodi usiku na baba kutoonekana tena nyumbani.

Ndani ya Baraza, wale wanane walikataa vyeo vya uwaziri na kushikilia kwamba Waafrika waongezewe viti. Msimamo huo ulizaa matunda: mwaka 1958 idadi ya Waafrika waliochaguliwa ilipanda hadi 14. Mwaka 1961 Mboya alichaguliwa tena, Nairobi Mashariki, kwa zaidi ya tisa ya kumi ya kura. Akiwa Waziri wa Kazi alisimamia Mkataba wa Uhusiano wa Viwandani wa Oktoba 1962, uliowakutanisha waajiri, vyama vya wafanyakazi na serikali. Haukuwa sheria kamili, lakini ulimpa mfanyakazi wa reli wa Makongeni na wa kiwanda mahali rasmi pa kupeleka malalamiko yake. Hapa ninampa sifa zake bila kusita.

Baada ya uhuru, akiwa mbunge wa Nairobi ya Kati (eneo ambalo leo ni Kamukunji) na Waziri wa Haki na Mambo ya Katiba, mambo yaligeuka. Katiba ya 1963 ilikuwa imewekewa vizuizi vya makusudi. Vifungu vya kawaida vilihitaji robo tatu ya kura katika Bunge la Wawakilishi na katika Seneti ili vibadilishwe. Vifungu vilivyolindwa zaidi, vikiwemo vya haki za binadamu na vya majimbo, vilihitaji tisa ya kumi katika Seneti. Mboya ndiye aliyewasilisha marekebisho ya 1964 yaliyoifanya Kenya jamhuri yenye rais mtendaji, na majimbo yakapokonywa nguvu. Chama cha upinzani cha KADU kilipojivunja Novemba mwaka huo, kizuizi cha kura kilikosa mlinzi. Mwaka 1965 kiwango chenyewe kilishushwa hadi takriban theluthi mbili, na kufikia mwisho wa 1966 Seneti ilikuwa imemezwa na Bunge la Wawakilishi.

Kisha ikaja Aprili 1966. Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuwa Makamu wa Rais, na wenzake walipohamia chama kipya cha KPU, serikali ilileta marekebisho ya kumtaka mbunge anayehama chama arudi kwa wapigakura. Mboya, Katibu Mkuu wa chama tawala cha KANU, alikuwa mstari wa mbele kuyatetea, nayo yakapitishwa kwa kasi ya ajabu. Viti 29 vikashindaniwa upya; KPU ikapata 9. Hoja ya watetezi ni kwamba mtu aliyechaguliwa kwa tiketi ya chama hana haki ya kuhama nayo. Hoja hiyo ina uzito. Kifungu cha 103 cha Katiba ya 2010 kimeibeba kanuni hiyo hadi leo. Lakini kanuni njema inaposhonwa kwa haraka kwa ajili ya mahasimu wanaojulikana kwa majina, na wakati wabunge wa KADU waliohamia KANU mwaka 1964 hawakuulizwa neno, haiwi tena kanuni. Ni silaha.

Silaha ya pili ilitoka Juni mwaka huo huo: Bunge lilipanua Sheria ya Usalama wa Umma, serikali ikaweza kumweka mtu kizuizini bila kesi hata wakati wa amani. Mboya alikuwa nguzo ya serikali iliyoidhinisha hilo. Siwezi kusoma uamuzi huo bila uchungu, kwa kuwa kati ya mawaziri wote hakuna aliyekuwa na sababu kubwa zaidi ya kuupinga kuliko mbunge wa mitaa ile ya Anvil.

Wapo wanaosema hakuweza kuona mbele. Nadhani alijua hatari ya nguvu isiyo na kikomo, ila aliamini ingebaki mikononi mwa watu kama yeye. Oktoba 1969, miezi mitatu baada ya kuuawa kwake, KPU ilipigwa marufuku na Odinga akawekwa kizuizini. Tarehe 4 Julai 1990, wanasiasa Kenneth Matiba na Charles Rubia walikamatwa na kuzuiliwa chini ya sheria hiyo hiyo, siku tatu kabla ya mkutano wa Saba Saba waliokuwa wameuitisha wa kudai vyama vingi. Mkutano wenyewe ulikuwa umepangiwa uwanja wa Kamukunji, na serikali iliuzima kwa mamlaka ambayo Bunge la Mboya lilikuwa limeipa.