Kinga ya pampu za kuzimia moto dhidi ya radi

Pampu ya kuzimia moto hukaa kimya karibu mwaka mzima katika chumba chake, iwe ni hotelini, hospitalini au kwenye ghala. Kazi yake ni kusukuma maji kwenye mabomba na vinyunyizio pindi moto unapozuka. Kwa kuwa haitumiki kila siku, yaweza kuharibika pasipo mtu kujua. Miongoni mwa viharibifu vyake ni msukumo wa ghafla wa umeme, yaani volti kupanda mno kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Msukumo huo huletwa na radi, au na umeme unaokatika na kurudi. Katika ukanda wa Maziwa Makuu, hatari hiyo si ndogo. Utafiti wa setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliitaja Kabare, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kuwa mahali penye radi nyingi kuliko pengine pote barani Afrika: zaidi ya miale 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Wala si lazima radi ilipige jengo lenyewe. Ikianguka karibu na nyaya, msukumo husafiri hadi ndani.

Kinachodhurika upesi ni vifaa vya elektroniki vilivyomo katika sanduku linaloiwasha pampu. Swichi za kujikata haziviokoi, kwani huchelewa kutenda. Pampu ya dizeli nayo haijasalimika, maana sanduku lake na chaja ya betri zake hutegemea umeme uleule.

Nchini Marekani, kanuni ya taifa ya umeme, toleo la mwaka 2017, iliagiza kinga ya msukumo iwekwe ndani ya sanduku la pampu ya moto au juu yake. Kinga hiyo huupeleka umeme uliozidi ardhini. Huunganishwa kando ya njia ya umeme, si katikati yake. Kwa hiyo hata ikifa, pampu huendelea kupata umeme, ila haina tena ulinzi.

Wenye majengo wanapaswa kuzingatia mambo matatu. Kwanza, nyaya za kinga ziwe fupi, ikiwezekana zisizidi nusu mita, na waya wa ardhini uwe imara. Pili, taa ya kinga ikaguliwe, na kinga iliyokufa ibadilishwe. Tatu, pampu ijaribiwe kwa kuwashwa: viwango vya Marekani hutaka ya umeme izunguke angalau dakika 10, na ya dizeli dakika 30. Baada ya ngurumo kubwa, ni busara kuijaribu bila kungoja zamu yake, ili hitilafu ijulikane kabla ya moto kuzuka.