Operesheni ya kukata kilo: moyo wako unagain nini?

Msee wa Thika ama Ruiru, hii operesheni si ya kutokelezea tu kwa picha. Inabadilisha mafuta kwa damu, na hayo ndiyo huziba mishipa ya moyo.

Ziko mbili za kawaida. Kwa sliivu, daktari anatoa kama asilimia 80 ya mfuko wa tumbo. Kwa baipasi, msosi unaruka sehemu ya kwanza ya utumbo, vile gari ikishika Eastern Bypass hapo Ruiru inaruka tao.

Sasa cheki mafuta:

- Trigliseridi: zinashuka kwa zote mbili.
- HDL, ile poa: inapanda pole pole, inaweza chukua mwaka.
- LDL, ile noma: baipasi huishusha vipoa. Sliivu mara nyingi haiitingizi sana.

Kwa hivyo kama LDL ndiyo shida yako, uliza daktari mapema.

Huko Sweden walifuata watu karibu miaka 15, matokeo yakatoka 2012. Kati ya 2,010 waliopasuliwa, moyo na stroke ziliua 28. Kati ya 2,037 wasiopasuliwa, 49.

Si ya kila mtu. Tangu 2022, madaktari wa hii kazi hupendekeza kuanzia BMI 35. Ukiwa na urefu wa mita 1.70, hiyo ni kama kilo 101.

Na usiwache dawa za kolesteroli juu umekonda. Pima damu kwanza, daktari aamue. Vitamini nazo utameza maisha yote.