Binti wa Ujiji Analala Wapi? Historia ya Nyumba, Bweni na Geto



Kila mwaka majina ya waliochaguliwa kwenda vyuo vikuu yanapotoka, dukani kwetu hapa Ujiji huingia wateja wa aina moja: mama na binti yake. Binti anataka abaya mbili za kwendea darasani na madira ya kushindia chumbani. Mama anataka apunguziwe bei. Tukishapima mabega na urefu wa mkono, mama hushusha sauti: "Dada, nyie mna watu Dar. Huyu akifika atalala wapi?"

Sisi tuliishia kidato cha nne, tukaenda kujifunza kushona, kwa hiyo kitanda cha chuo kikuu hatujawahi kukilalia. Lakini swali hilo tumekua tukilisikia. Tumeona leo tuwaandikie na nyinyi dada zetu wa visiwani, ambao vitambaa vyenu ndivyo vinavyotuweka mjini. Tutaanzia mbali kidogo, kwa sababu ukijua waliotutangulia walilala wapi, utachagua kwa macho yaliyofumbuka.

Mji uliozoea wageni

Ujiji ni mji wa wageni tangu zamani. Misafara ya kutoka pwani, ikipitia Tabora, ilikuwa inaishia hapa ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, na wengine wakivuka hadi Manyema, Kongo. Burton na Speke walifika mwaka 1858. Livingstone alifika mwaka 1869, na mwaka 1871 Stanley akamkuta hapa hapa. Hao ndio walioandikwa vitabuni. Wanawake waliopita njia ile hawakuandikwa sana, na wengi wao hawakuja kwa hiari yao, walikuja wakiwa watumwa. Miembe ya Ujiji bado inatukumbusha njia hiyo.

Katika miji ile ya misafara, mgeni hakuulizwa kwanza ana fedha ngapi. Aliulizwa, mwenyeji wako nani? Mwenyeji ndiye aliyemjua mgeni wake, akamlinda, na akabeba lawama mgeni akipata baya. Tulishikeni neno hilo, mwenyeji, tutalirudia.

Nyumba zenyewe mnazijua, maana hata kwenu zipo: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto, na nyuma uani penye jiko na choo. Wamanyema walipohamia Dar es Salaam walijulikana kuwa miongoni mwa wenye nyumba wa Kariakoo, wanawake wakiwemo. Mwanamke mwenye nyumba ya vyumba sita alikaa na familia yake katika kimoja au viwili, vingine akapangisha. Kwa hiyo kupangisha chumba kwa mtoto wa mwenzio ni kazi ya wanawake wetu tangu enzi za bibi zetu.

Treni na bweni

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, kilomita zipatazo 1,250 kutoka Dar es Salaam. Tangu hapo safari ya masomo ikawa ya treni. Mzazi humtafuta mtu mzima anayesafiri siku hiyo, humkabidhi binti, humpa ndoo ya dagaa na chupa ya mawese ampelekee mwenyeji. Wazee wetu walijua wazi kwamba dini imelipa uzito suala la mwanamke kusafiri na mtu wake, ndiyo maana hawakumwachia binti dirisha la treni peke yake.

Lakini chuo kikuu chenyewe kilikuwa mbali zaidi. Kabla ya uhuru, Mtanganyika aliyetaka masomo ya juu Afrika Mashariki alikwenda Makerere, Uganda. Chuo kile kilikuwa cha wanaume hadi mwaka 1945, kilipopokea wanawake sita wa kwanza. Kaulimbiu yake ya zamani ilisema "tuwe wanaume", ikabidi ibadilishwe. Wanawake walipoingia, jambo moja halikuweza kungoja, nalo ni mahali pa kulala. Likajengwa bweni lao, Mary Stuart, ambalo lipo mpaka leo. Ona basi, mlango wa elimu ya mwanamke ulipofunguliwa, mlango wa chumba chake ulifuata nyuma yake.

Hapa kwetu chuo kikuu kilianza tarehe 25 Oktoba 1961, na wanafunzi 14 wa sheria, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani, na tarehe 1 Julai 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kamili. Enzi hizo serikali ililipa malazi na chakula. Binti aliyefika Mlimani alikuta kitanda, shuka na sahani ya wali.

Ugumu ulikuwa kufika. Novemba 1974 Azimio la Musoma liliagiza vijana wafanye kazi kwanza ndipo waende chuo kikuu. Nia ilikuwa njema, lakini idadi ya wanawake ikashuka, kwa sababu msichana aliyekaa nyumbani miaka miwili aliolewa, akapata mtoto, na fomu ikabaki kabatini. Ikabidi mwaka 1976 wanawake waondolewe sharti hilo. Tunalitaja kwa ajili ya maharusi wanaotusoma. Serikali nzima ilikiri kwamba muda wa binti una hesabu yake.

Bweni nalo si salama kwa jina tu

Wazazi wengi husema, "Akipata nafasi ndani ya chuo, nimemaliza." Historia inasema bado hujamaliza. Februari 1990, mwanafunzi wa Mlimani, Levina Mukasa, alijitoa uhai baada ya kusumbuliwa na wanafunzi wa kiume. Pale chuoni kulikuwa na mtindo wa kuwadhalilisha watu kwa maandishi ya ukutani yaliyoitwa Punch, na wasichana ndio walioumizwa zaidi. Baada ya kifo chake mtindo huo ulipigwa marufuku, na wanawake wa nchi hii wakapaza sauti. Hatuandiki kumhukumu marehemu. Tunaandika kwa sababu alikuwa ndani ya uzio wa chuo, na uzio haukumsaidia pale alipokosa mtu wa kumsimamia.

Zama za geto

Miaka ya 1990 serikali ilianza kuwataka wanafunzi wachangie gharama. Bodi ya Mikopo ilianza kazi mwaka 2005, vyuo vikaongezeka, na wasichana wakawa wengi kuliko vitanda. Mlimani likazaliwa neno "kubebana", yaani wawili kulala kitanda cha mmoja. Mwaka 2017 zikafunguliwa hosteli mpya, majengo 20 ya wanafunzi 3,840, na bado wengi hupanga mitaani, Sinza, Ubungo, Changanyikeni. Chumba hicho vijana wanakiita geto.

Hapa tuwape la kwetu. Mdogo wetu wa mwisho alipochaguliwa, alikosa nafasi ya bweni. Tulipata dalali kwa simu, tukatumiwa picha mbili, tukalipa kodi ya miezi sita na pesa ya dalali juu yake. Hatukwenda kuona, hatukutuma mtu, hatukuuliza nani anakaa mle. Cherehani zilikuwa zimejaa nguo za harusi, tukajiambia mtoto ana akili.

Mlango wa chumba kile ulikuwa na kitasa kibovu. Mwenye nyumba alikuwa na ufunguo wake na aliingia bila hodi, akisema anakagua umeme. Mdogo wetu alilala miezi minne na sanduku la nguo limeegemezwa mlangoni. Hakutuambia, akiona aibu kwa pesa tulizotoa. Tulijua aliporudi likizo na matokeo mabaya, tukamgombeza, naye akalia hadi akasema. Astaghfirullah, tulimgombeza binti ambaye hakuwa amelala usingizi wa kutosha muhula mzima.

Tukakumbuka kwamba Qur'ani, katika Suratun-Nur, imetufundisha tusiingie nyumba zisizo zetu bila kuomba ruhusa. Sisi tumeisoma tangu madrasa, na bado tulimlipa mtu asiyejua hodi.

Safari hii tulipanda treni wenyewe. Tukamtafuta mama mmoja mjane, jamaa wa watu wa Ujiji, mwenye nyumba ya uani kama zetu. Akawachukua wasichana watatu wa Kigoma chumba kimoja kikubwa. Kodi ililingana na ile ya mwanzo. Tofauti ilikuwa mwenyeji. Mdogo wetu alimaliza masomo, na gauni lake la harusi tulilishona sisi wenyewe, alhamdulillah.

Tulichojifunza

Kwanza, mjue mwenyeji kabla ya chumba. Nani anaishi mle, nani ana ufunguo wa pili, majirani wanamsemaje. Nenda, au mtume mtu wako mzima. Picha haina harufu ya choo.

Pili, tembea ile njia baada ya magharibi. Vipindi vingine huisha jioni, na maktaba humkawiza. Kama wewe mtu mzima umeogopa, binti hapaswi kupita kila siku.

Tatu, kitasa kipya kiwe juu yako, mkataba uwe wa maandishi, na risiti itunzwe. Ukiweza kulipa miezi mitatu, usilipe sita.

Nne, waonane na mwenzie wa chumba kabla hawajalipa. Waulizane kuhusu wageni, usafi, swala ya alfajiri na nani ananunua gesi. Urafiki wa WhatsApp haujaosha sufuria.

Tano, na hili ndilo kubwa, mwambie binti kwamba pesa yako si kubwa kuliko yeye. Akiona baya, apige simu siku hiyo hiyo, hata kama kodi imeshaliwa.

Na kwako bi harusi unayeposwa ukiwa bado chuoni. Unapokuja kupima gauni, uwe umeshazungumza utalala wapi muhula ukianza. Utabaki bwenini? Mtapanga pamoja karibu na chuo? Kodi ni ya nani, na mtoto akija masomo yatakuwaje? Muulizeni sheikh wenu namna ya kuliweka hilo kama sharti kabla ya ndoa kufungwa. Tumewaona mabinti waliohesabu taarabu na keki, wakasahau kuhesabu mwaka wa tatu.

Sasa zamu yetu kupokea

Kwa miaka yote hiyo Kigoma imekuwa ikitoa mabinti. Sasa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kinajenga kampasi yake huku kwetu, na watoto wa Unguja, Pemba, Tanga na Mtwara watashuka stesheni wakiwa na masanduku yao. Wengine watakosa bweni. Watapita mitaa ya Ujiji na Mwanga wakiuliza vyumba.

Dada zetu wa Kigoma wenye nyumba, tutengeneze vitasa kuanzia sasa. Tujifunze kubisha hodi kwenye vyumba tulivyovipangisha. Na nyinyi dada zetu wa visiwani, mkimleta mwanenu, ulizeni lile swali la misafara: mwenyeji wake nani? Mkikosa jibu, dukani kwetu mlango uko wazi, na chai ya tangawizi ipo.

Allah awahifadhi mabinti zetu popote walalapo. Amin.