Udongo wa Bara, Chokaa ya Pwani

Katika karne ya 19, msafara uliotoka Ugogo ulivuka pori la Mgunda Mkali kabla ya kufika Tura, mlango wa Unyamwezi. Mbele yake ilikuwapo Tabora, ambako wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walijijengea makao. Nyumba zao husifiwa kwa milango ya nakshi. Dari zao hazitajwi, ilhali ndizo zinazoeleza zaidi.

Kwao pwani, boriti za mikoko zilibeba mawe ya matumbawe, na juu yake likatandazwa zege la chokaa, likapigwa kwa vigongo huku watu wakiimba. Chokaa yenyewe ilitokana na matumbawe yaliyochomwa. Burton na Speke walitumia zaidi ya miezi minne kutoka pwani hadi Kaze, penye Tabora ya leo, mwaka 1857. Kwa mwendo huo, nani angewatwika wapagazi chokaa ya nyumba nzima? Tajiri wa pwani alilala chini ya paa la bara, yaani tembe: miti ya porini, fito na nyasi, kisha udongo ulioshindiliwa. Livingstone naye alikaa katika tembe huko Kwihara mwaka 1872. Nyumba inayoonyeshwa leo imejengwa upya.

Reli ya kati, inayopita Tura, ilifika Tabora mwaka 1912, na saruji na mabati yakasafiri kwa wepesi. Hivyo nyumba moja yaweza kuwa na tabaka za nyakati mbalimbali. Kipande kidogo kilichodondoka chatosha kuzitambua. Udongo mtupu hulainika majini. Chokaa hutoa povu ikidondoshewa ndimu. Jasi safi haitoi, nayo hukwaruzika kwa ukucha. Saruji ni ya kijivu na ngumu. Lakini bamba kuukuu la kijivu lenye nyuzi lisikwaruzwe wala kuvunjwa: huenda ni asbesto, na vumbi lake hudhuru mapafu.

Utambuzi huu si anasa ya wasomi. Saruji ikipakwa juu ya udongo huzuia unyevu kutoka, na udongo humeguka ndani kwa ndani. Tena, fundi anayebomoa dari bila kuitazama hufuta ushahidi. Mlango wa nakshi watuonyesha jinsi mwenye nyumba alivyopenda kuonekana. Dari ya udongo yatuonyesha kuwa aliishi kwa ujuzi wa watu wa bara, ambao majina yao hayakuandikwa popote.