Waliochukuliwa Rungwe, 1914–1918

Mwishoni mwa Mei 1916 majeshi ya Jenerali Edward Northey yalivuka mpaka kutoka Nyasaland na Rodesia ya Kaskazini, yakaingia Afrika Mashariki ya Kijerumani. Katika siku chache boma la Neu-Langenburg, Tukuyu ya leo, likawa mikononi mwa Waingereza. Wanajeshi wa Kijerumani walirudi nyuma kuelekea Njombe na Iringa. Walioachwa ni familia za misheni.

Wamisionari Wamoraviani walikuwa Rungwe tangu 1891, na wamisionari wa Berlin waliingia Unyakyusa mwaka uleule. Sasa walikamatwa kama raia wa adui, wakapelekwa kizuizini Nyasaland na baadaye Afrika Kusini. Kutengana hakukuwa kugeni kwao: Wamoraviani waliwapeleka watoto wao wadogo Ujerumani kusoma, wengi Kleinwelka, na wazazi wakakaa miaka bila kuwaona. Kilichowaunganisha ni barua, na vita iliikata njia ya barua. Ujerumani ilipopatwa na njaa, mama aliyekuwa kizuizini hakuwa na njia ya kujua kama mwanawe amekula. Makanisa waliyoyaacha yalishikwa na walimu Wanyakyusa, kisha wamisionari Waskoti wa Livingstonia wakasaidia kuyalea, hadi Wajerumani waliporuhusiwa kurudi miaka ya 1920.

Habari za familia hizo tunazo kwa sababu waliweka shajara na kumbukumbu. Lakini vita ilikuwa imeanza kuzigawa nyumba nyingine mapema zaidi, na hizo ndizo zinazonishughulisha.

Mkataba wa 1890 uliufanya Mto Songwe kuwa mpaka wa Wajerumani na Waingereza. Kaskazini wako Wanyakyusa, kusini Wangonde wa Karonga, ndugu wanaosikilizana lugha. Tarehe 9 Septemba 1914 kikosi cha Wajerumani kilichovuka Songwe kilipigana na Waingereza Karonga, kikashindwa. Watu wa ukoo mmoja wakajikuta chini ya serikali mbili zinazouana.

Kisha likaja suala la mizigo. Huku hakukuwa na reli, na ndorobo waliua wanyama wa kubeba mizigo, kwa hiyo risasi na unga vilisafiri vichwani mwa watu. Kila upande uliwakusanya wapagazi, mara nyingi kwa nguvu. Kwa Mnyakyusa pigo hilo lilikuwa na uzito wa pekee: kulima shamba kwa jembe kulikuwa kazi ya mwanamume na wanawe, na vijana wa rika moja waliishi pamoja katika kijiji chao. Wakichukuliwa, shamba la baba lilibaki bila mkono na binti aliyekwisha kuposwa alibaki akisubiri.

Wapagazi waliuawa na kuhara damu, nimonia na njaa zaidi kuliko risasi. Kwa upande wa Waingereza peke yake, katika Afrika Mashariki yote, waliandikishwa takriban milioni moja, na rekodi za serikali zenyewe zinataja vifo zaidi ya 95,000. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alisalimisha silaha Abercorn, Rodesia ya Kaskazini, tarehe 25 Novemba 1918, wakati mafua makali yakiendelea kuua.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita hiyo, wengi wao Waafrika, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Majina ya wana wa Rungwe yanaweza bado kuulizwa Masoko, Mwakaleli na Kyela, kwa wajukuu ambao sasa wenyewe ni wazee. Kazi hiyo haiwezi kungoja ripoti nyingine ya Tume.