Mhunzi wa Bonde la Eyasi na Kisu cha Mwindaji

Watu wengi wakiulizwa ni kitu gani kilichoua uhunzi katika nchi yetu, hujibu pasipo kusita kwamba uliuawa na chuma cha Ulaya. Jibu hili hufundishwa madarasani, wala si uongo. Lakini ni nusu ya ukweli, na nusu yake ya pili imesahauliwa kwa sababu wenye kuijua hawakuwa watu wa kuandika vitabu, wala hawakuwa watu wa kualikwa barazani. Mkulima wa Endamarariek, katika nyanda za juu za Karatu, ana kisu kiunoni na mundu darini. Huenda vilitoka dukani. Lakini huenda vile vile vilitoka katika mikono ya mhunzi wa Kidatoga aketiye chini ya mgunga katika bonde la Ziwa Eyasi, akivukuta moto wake kama babu yake alivyovukuta. Kitu kilichokufa hakiendelei kutoa visu.

Yafaa kwanza kuwafahamu majirani wa pande hizo, maana kisu hakina historia mbali na watu wanaokipokezana. Juu, penye udongo mwekundu na mvua ya kutosha, wamekaa Wairaqw, wakulima na wafugaji, ambao wengi wao walihamia Karatu katika karne ya ishirini wakitoka katika nchi yao ya asili huko Mbulu. Chini, penye joto na magadi, ziwa likiwa karibu mita 1,030 juu ya usawa wa bahari, wamo Wadatoga na ng'ombe zao. Hawa zamani walikaa hata ndani ya kreta ya Ngorongoro, mpaka Wamasai walipowaondoa humo katika karne ya kumi na tisa. Na katika vichaka vya kandokando ya ziwa wamo Wahadzabe, wawindaji na wachumaji wa asali, wenye lugha isiyofanana na ya jirani yeyote. Wadatoga waliitwa na wengine Mang'ati, na Wahadzabe wakaitwa Watindiga. Majina yote mawili ni ya kubandikwa, na mtu mwenye adabu huwaita watu kwa jina wanalojiita.

Mhadzabe hufanya upinde wake, hufanya mishale yake, hupika sumu yake kwa utomvu na kwa mbegu za mimea. Lakini chuma hachimbi wala hayeyushi. Chuma cha mshale na cha kisu alikipata kwa jirani, kwa Mwisanzu au kwa Mdatoga, akalipa nyama, ngozi na asali. Asali hii haikuwa kitu kidogo kwa Mdatoga, maana ndiyo iliyotia uhai katika pombe ya heshima inywewayo na wazee katika shughuli kubwa. Basi kati ya upinde wa mmoja na kata ya pombe ya mwingine alisimama mtu wa tatu, naye ndiye mhunzi.

Mhunzi huyu alikuwa wa ukoo wa Gidang'odiga. Ni Mdatoga kwa lugha na kwa mavazi, lakini Wadatoga wenzake hawaoi kwake wala hawamwozi. Binti wa mhunzi huolewa na mwana wa mhunzi, na mwana wa mhunzi hurithi nyundo. Mkuki wa kulindia ng'ombe, kengele ya shingoni mwa fahali, bangili za bibi arusi, vyote vilitoka kwake, na kila mtu alivipokea kwa mkono wa kulia. Lakini aliyevitoa hakupokewa kuwa mkwe. Wamasai nao wana desturi hii juu ya wahunzi wao, waitwao ilkunono.

Kuna wanaosema kwamba dharau hii ni jambo la tabia ya chuma chenyewe, kwa kuwa chuma humwaga damu. Hoja hii haisimami. Tukivuka kwenda mashariki mpaka milima ya Upare, twakuta Ugweno, nchi iliyosifika kwa chuma hata Wachaga wa Kilimanjaro walinunua huko. Huko ukoo wa wahunzi, Washana, ndio uliokuwa ukoo wa watawala kabla ya Wasuya kuwapindua na kuushika utawala. Chuma kilikuwa kile kile chenye kumwaga damu, lakini mahali pamoja kilimpa mtu kiti, na mahali pengine kilimnyima mke. Tofauti, nionavyo mimi, ni katika mali: mfugaji huhesabu utu kwa ng'ombe, na mtu aishiye kwa mikono yake pasipo kundi humwona kuwa mwenye upungufu, hata akimhitaji kila siku.

Sasa nirudi kwenye ile nusu ya ukweli. Kazi ya chuma ni kazi mbili ambazo wengi huzichanganya. Ya kwanza ni kuyeyusha: kupata mtapo, kuchoma makaa mengi mno, kujenga tanuri la udongo, kuvukuta usiku na mchana, na mwishoni kutoa donge la chuma lililochanganyika na mavi yake. Wapare waliokota mchanga mweusi wa chuma katika vijito; Wahaya wa Kagera walijenga matanuri yao tangu zaidi ya miaka elfu moja na mia tano iliyopita, kama walivyoeleza Peter Schmidt na Donald Avery mwaka 1978, ijapokuwa wataalamu wengine waliwabishia juu ya namna hasa moto ule ulivyopata ukali wake. Kazi ya pili ni kufua: kuchukua chuma kilichokwisha patikana na kukipa umbo na makali.

Chuma cha Ulaya kiliua kazi ya kwanza. Reli kutoka Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911, na hatimaye Arusha mwaka 1929, jembe la kigeni liliweza kuuzwa kwa bei ambayo hakuna mwenye tanuri aliyeweza kushindana nayo. Nani atachoma makaa kwa majuma mengi ili apate donge moja, ilhali fito na mabati na misumari vimejaa dukani? Matanuri yakapoa. Wakati Schmidt alipowaomba wazee wa Kihaya wayeyushe tena chuma ili ajifunze, hao walikuwa hawajaigusa kazi ile kwa miaka mingi, ikawapasa kuikumbuka kwa kujaribu na kushindwa kabla ya kufaulu.

Lakini mhunzi wa Eyasi hakuwa na haja ya tanuri. Kwake chuma cha kigeni kilikuwa neema, kwa maana kilimwondolea mzigo mzito na kumwachia ule aliouweza vizuri zaidi. Msumari mkubwa ukawa ncha ya mshale. Na magari yalipoanza kupita katika barabara mbovu za bara na kuvunja springi zake, zikaangukia mikononi mwake pua bora kuliko yoyote ambayo baba zake walipata kuiona.

Hapo ndipo elimu ya mhunzi inapodhihirika, kwa sababu chuma si kimoja. Msumari wa kawaida una kaboni chini ya asilimia 0.2, nao hata ukiutia moto na maji mara saba hautapata ugumu wa kutosha. Nondo ya kujengea huzidi kidogo, lakini kisu chake hulala makali mapema. Springi ya gari ina kaboni karibu asilimia 0.6, na hiyo ndiyo pua ifaayo kisu cha kuchunia. Mhunzi asiyejua kusoma hesabu hizi huzijua kwa sikio na kwa jicho: hugonga kipande na kusikiliza mlio, hukiweka penye jiwe la kunolea na kutazama cheche, na cheche za pua hupasuka matawi mengi ambapo za chuma laini huruka nyuzi ndefu.

Akisha kuchagua, hukata kipande kwa tindo kikiwa chekundu, hukirudisha motoni mpaka kifanane na rangi ya chungwa, kisha hukiweka juu ya fuawe. Kwanza hutoa ncha, halafu huvuta upande wa pili uwe msuka utakaoingia katika mpini. Kazi ngumu huja baadaye, wakati wa kupiga makali. Kila pigo la nyundo lipunguzalo unene wa upande mmoja hurefusha upande huo, na kisu hujikunja kama ndizi, mgongo ukiwa ndani. Mwanafunzi hushangaa na kukinyosha kwa nguvu. Bingwa hukipinda mapema kuelekea upande wa makali kabla ya kuanza, ili mapigo yale yale yakinyoshe. Pigo lisipotee, wala chuma kisipigwe kikiwa kimepoa na kuwa cheusi, maana hapo hupasuka ndani mahali jicho lisipoona. Umbo likiisha, kisu hufukiwa katika majivu yapoe polepole, kilainike, kipate kukubali tupa.

Kisha hufuata matiko, na matiko ndiyo roho ya kazi. Kisu huwashwa tena mpaka wekundu wa zaidi ya nyuzi 800, kiasi ambacho sumaku haikivuti tena, na mhunzi hupenda kutazama jambo hili kivulini, kwa kuwa jua hudanganya macho. Huzamishwa katika mafuta, kwani springi nyingi hupasuka zikitiwa maji baridi. Kikitoka humo ni kigumu lakini chepesi kuvunjika; kikianguka juu ya jiwe huweza kukatika kama kigae. Basi mhunzi husugua ubapa wake ung'ae, akaupasha moto mdogo wa nyuzi baina ya 200 na 300, na rangi huanza kutembea juu yake: kwanza manjano ya nyasi kavu, kisha hudhurungi, kisha zambarau, mwisho buluu. Makali yatakiwa yasimame penye manjano au hudhurungi, mgongo uendelee kidogo. Kuchelewa kwa muda wa kupepesa macho hutosha kuharibu kazi ya siku nzima. Hakuna kipimo kingine isipokuwa jicho lililozoea, na jicho hilo halirithiwi ila kwa kukaa karibu na moto miaka mingi.

Hapa haifai kumwacha Mhadzabe nje ya habari, kana kwamba yeye ni mnunuzi tu. Yeye huchukua msumari na kuufua baridi, jiwe chini na nyundo juu, pasipo moto wowote, mpaka uwe ncha bapa. Wageni waliomtazama wamepata kuona jambo hili kuwa upungufu wa maarifa. Sivyo. Chuma laini, ambacho moto hauwezi kukipa ugumu, hupata ugumu kwa kupigwa baridi. Mwindaji amepata njia pekee iliyofaa chuma alicho nacho. Kisu cha springi hakikubali njia hiyo, na ndiyo maana kwa kisu humwendea mhunzi.

Dharau ya ukoo wa Gidang'odiga imefanya jambo la ajabu katika historia hii. Kwa kuwa mwana wa mhunzi hakuwa na mlango mwingine wa kuingilia, alikaa penye mivukuto ya ngozi ya mbuzi, na ufundi haukutawanyika. Siwezi kuishukuru dharau kwa ajili hiyo. Mlango ule ule uliofungwa ulifanya watu wengine wasione haja ya kuuliza mhunzi anajua nini, na elimu iliyokaa katika nyumba chache hutoweka nyumba hizo zikihama au watoto wake wakienda mjini kutafuta kazi ambayo hakuna atakayewauliza ukoo wao.

Na sasa pana mnunuzi mpya. Watalii waendao Eyasi kuwaona Wahadzabe hupelekwa pia kwa wahunzi wa Kidatoga. Hutazama makufuli mabovu na mabomba ya shaba yakiyeyushwa katika kikombe cha udongo, yakamiminwa na kufuliwa kuwa bangili, nao hununua bangili au ncha ya mshale. Fedha hii ni halali, na mhunzi aliyedharauliwa na jirani yake ana haki ya kusifiwa na mgeni na kulipwa. Lakini bangili ya shaba haihitaji matiko, na ncha ya mshale itakayotundikwa ukutani Ulaya haitajaribiwa na mfupa wa mnyama. Mnunuzi aliyejua kulalamika, akarudi na kisu kilichopinda makali na kumwambia mhunzi afanye tena, alikuwa mwindaji na mchinjaji. Naye huwinda sasa katika nchi iliyopungua, maana mashamba na malisho yamesogea ndani ya vichaka, ijapokuwa mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipata hati za ardhi yao.

Tanuri lilipopoa hakuna aliyeandika siku yake, na wazee wa Kihaya walipoulizwa iliwabidi kutafuta kumbukumbu gizani. Wenye kuijua rangi ya hudhurungi itembeapo juu ya ubapa wa kisu wangali hai Eyasi, wakifanya bangili asubuhi kwa ajili ya wageni na, mkulima au mwindaji akileta kipande cha springi, kisu jioni.